Akiba ya dola 40,000 kabla ya pensheni, Lubumbashi: nyumba ya kupangisha, anekisi, parseli tupu au banki?

kalubwe_60

Jambo bandugu. Naomba ulinganisho wenye hesabu, maana "ardhi haiozi" nimeshaisikia ya kutosha. Umri miaka 55, pensheni kwa 60, mchango wa CNSS (mfuko wa pensheni wa serikali) unapita kwa mwajiri. Akiba ni dola 40,000. Dekonti finali, yaani malipo ya mwisho ya mwajiri, haimo humo. Kuna parseli ya mita 20 kwa 30 Kalubwe, ina sertifika, nyumba ya kuishi iko mbele na nyuma kuko wazi. Lengo ni dola 250 kila mwezi juu ya pesa ya CNSS.

Ninapima haya: kununua nyumba iliyokwisha Kampemba na kuipangisha, kujenga anekisi (nyumba ndogo za kupangisha) tatu nyuma ya nyumba, kununua parseli tupu mbili upande wa Kilobelobe na kungoja bei ipande, au kuweka pesa banki kwa DAT, ile amana ya muda maalum yenye riba. Kipi kinashinda, na kwa nini?

mhasibu_kamalondo

Mzee, anza na kile kinachobaki mkononi. Wengi wanachukua pango la mwezi, wanazidisha kwa 12, wanagawa kwa bei ya nyumba, basi, wamemaliza. Bei nitakazotumia ni za mfano. Weka zile utakazokuta sokoni, njia ya hesabu haibadiliki.

Nyumba ya Kampemba: bei dola 40,000, pango dola 300. Kwa mwaka 3,600, ndiyo ile 9% ambayo komisionere (dalali) atakuimbia. Sasa anza kutoa. Mwezi mmoja nyumba inakaa bila mtu, kati ya mpangaji anayetoka na anayeingia: inabaki 3,300. Kodi ya mapato ya kupangisha, IRL, kwa kiwango cha sheria ya kitaifa ni 22%, nayo inahesabiwa juu ya pango lote lililopokelewa, hata ukiwa umelitumia lote kwa fundi bomba: 726. Matengenezo, weka pembeni 1.5% ya thamani ya jengo kila mwaka. Tuseme jengo lenyewe ni 30,000, hiyo ni 450. Unabaki na 2,124, yaani 5.3%. Na bado hatujagusa gharama za kuhamisha hati. Mwenye dola 40,000 kamili hanunui nyumba ya dola 40,000.

Anekisi tatu za vyumba viwili kila moja, tuseme 9,000 kwa moja, jumla 27,000. Pango 90 kila moja: 270 kwa mwezi. Wapangaji wa anekisi wanahama zaidi, kwa hiyo hesabu miezi 10 na nusu ya malipo: 2,835. IRL 624. Matengenezo 2%, maana milango mitatu, vyoo vitatu, sinki tatu: 540. Unabaki na 1,671, yaani 6.2%. Ardhi hukuinunua tena, ndiyo maana asilimia inapanda.

DAT ya dola, tuseme 4%: 1,600 juu ya 40,000, hakuna bomba la kupasuka.

Angalia tofauti kati ya Kampemba na banki: dola 524 kwa mwaka. Huo ndio mshahara wako wa kuwa mwenye nyumba, wa kufuatilia malipo, kuita mafundi na kupanga foleni ofisini. Jiulize kama ukiwa na miaka 68 utaukubali.

Parseli tupu haitoi hata franka moja. Bei inaweza kupanda, lakini mtu wa pensheni hali bei, anakula pesa ya mwezi.

Jambo moja juu ya IRL: ukipangisha kampuni, yenyewe inakata 20% na kuilipa serikalini, wewe unamalizia kilichobaki. Dai karatasi ya malipo kila mara, la sivyo utadaiwa tena. Ni kodi ya mkoa, kiwango cha mwaka husika kiulizwe DRHKAT, ofisi ya mapato ya mkoa, kabla ya kutia sahihi popote.

notere_wa_mtaa

Hesabu nzuri, lakini inadhani kwamba kilichonunuliwa kipo. Kwa sheria namba 73-021 ya 20 Julai 1973, ardhi ni ya serikali peke yake. Muuzaji anakuuzia haki ya kuitumia pamoja na kilichojengwa juu yake. Haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja, sertifika ya usajili, kifungu cha 219. Fishi ya parseli, atestasyo ya chifu wa kartye, barua ya chifu wa mila, hata karatasi ya mauzo yenye mhuri wa komini: zote zinasaidia kueleza historia ya parseli, hakuna inayosimama mbele ya mtu mwenye sertifika halali.

Kwa nyumba ya Kampemba, fuata hivi. Chukua nakala ya sertifika, soma namba ya volimi na folio (kitabu na ukurasa ilimosajiliwa), uende kwa konservateri wa hati za ardhi wa eneo husika. Lubumbashi imegawanywa, kuna Mashariki na Magharibi, na hati ya upande mmoja haionekani kwenye vitabu vya upande mwingine. Wauzaji wabaya wanajua hilo vizuri kuliko wanunuzi. Andika barua, usiulize kwa mdomo: je, sertifika bado hai, kuna ipoteki (rehani), kuna pingamizi? Hapo ndipo umlete mpimaji wa kadastri (ofisi ya upimaji wa ardhi) atafute mawe ya mipaka na kulinganisha vipimo na kroki (mchoro wa parseli). Nyumba nyingi zina ukuta uliosogea mita moja au mbili ndani ya parseli ya jirani, na kesi hiyo unainunua pamoja na nyumba.

Sahihi ziwekwe mbele ya notere au konservateri mwenyewe. Bei ipite banki. Sehemu yake, hata 20%, ibaki hadi sertifika mpya itoke kwa jina lako na ya zamani ifutwe, na sharti hilo liandikwe ndani ya kontra (mkataba). Baada ya miaka 2 tangu kutolewa, kwa kifungu cha 227, sertifika haishambuliwi tena. Kabla ya hapo bado inaweza kupingwa mahakamani. Kwa hiyo nyumba iliyonunuliwa ukiwa na miaka 59 inafikia utulivu wa kisheria ukiwa na 61. Ukitaka kununua, nunua mapema.

Juu ya Kilobelobe: parseli tupu nyingi zinauzwa zikiwa na kontra ya lokasyo tu. Huo ni mkataba wa matayarisho, hauzidi miaka 3, na sharti lake ni kuiendeleza ardhi. Mtu anayekaa kungoja bei bila kujenga anaipa ofisi sababu ya kuichukua na kumpa mwingine. Mpango wako wa "kununua na kungoja" unapingana na karatasi yenyewe.

Ukinunua kwa kampuni au kwa mgeni, soma muda: wao wana konsesyo (haki ya kutumia ardhi ya serikali) ya kawaida, isiyozidi miaka 25, inayoweza kurudiwa. Mkongomani mtu binafsi ndiye anayepata ya kudumu. Na epuka kabisa ardhi iliyo kando ya reli au chini ya waya za umeme mkubwa, hata kama muuzaji ana mihuri kumi.

fundi_wa_katuba

Mzee Kalubwe, anekisi zinaweza kukaa nyuma, lakini kwanza chimbua jambo hili: shimo la choo cha nyumba ya mbele liko wapi? Mara nyingi liko huko huko nyuma kunakoitwa "wazi". Usilifunike kwa sakafu. Gari la kunyonya halitaingia, na siku likijaa utavunja chumba cha mpangaji.

Kwa upana wa mita 20, panga vyumba kwa mstari mmoja wa mita 15 kwa 6: anekisi tatu za mita 5 kwa 6, zikigawana kuta mbili za kati. Unabaki na njia ya mita 5 kwa gari la kunyonya na la mchanga. Kuta: mzunguko mita 42, kuta za kati mita 12, vigawanyo vya ndani mita 15, jumla 69. Kwa urefu wa 2.80 ni kama mita mraba 193. Ukitoa milango na madirisha unabaki na karibu 174. Bloko za 40×20×15 ni 12.5 kwa mita mraba, ongeza 5% za kuvunjika: bloko 2,300.

Hapo ndipo pesa inapoibwa. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 utoe bloko 25 hadi 30 za sentimita 15. Atakayekuletea bei ya chini sana anatoa 45 kwa mfuko, na ukuta wake unakwaruzika kwa msumari. Nunua mifuko mwenyewe, bloko zipigwe kwako, zimwagiliwe maji asubuhi na jioni siku 7 na zisisogezwe kabla ya wiki mbili. Kwa bloko 2,300 ni mifuko kama 82. Simenti nyingi inatoka Zambia kupitia Kasumbalesa; mpaka ukisimama bei inaruka, kwa hiyo nunua ya hatua nzima, ila usihifadhi zaidi ya miezi miwili na usiiweke chini kwenye sakafu.

Ukipendelea matofali ya kuchoma, udongo wa kichuguu unatoa tofali zuri. Gonganisha mawili: lipige mlio mkali. Loweka moja usiku mzima: likimomonyoka kwenye kona, rudisha gari lote.

Kuhusu vichuguu hivyo hivyo: kama kuna kimoja nyuma, kusawazisha juu hakutoshi. Chimba hadi moyo wake utoke, jaza laterite (udongo mwekundu mgumu) yenye unyevu kwa tabaka za sentimita 20, kila tabaka ishindiliwe. Asiyefanya hivyo anapata ufa wa mshazari juu ya dirisha msimu wa pili wa mvua, kwa sababu nusu ya msingi imekaa juu ya udongo laini na nusu juu ya mgumu. Mbao za paa zipakwe dawa kabla ya kupanda juu. Mchwa wa huku hawangoji.

Zege la mkanda wa juu: kilo 350 kwa mita moja ya ujazo, yaani mifuko 7. Mkanda wa mita 54, wa sentimita 15 kwa 20, unakula mifuko 12. Mafundi wengi wanauruka huo mkanda juu ya kuta za kati. Usikubali.

Manjanja (mabati ya paa): namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. BG 28 inadumu. BG 34 inapigwa upepo na kutoboka misumarini, na utaibadilisha kwa pesa ya pensheni. Msingi uanze Juni, paa liwe limefungwa mwisho wa Oktoba, kabla ya mvua ya Novemba. Omba idhini ya kujenga mapema. Kuibomoa kazi iliyokwisha ni ghali kuliko kungoja.

mama_wa_ruashi

Fundi amesema kuta, mimi niseme wapangaji, maana pango linatoka kwao. Anekisi zinajaa haraka kwa sababu mbili tu: maji na umeme. Bila hivyo, dola 90 ya mhasibu inakuwa 60.

Umeme: weka mita ndogo kwa kila anekisi, nyuma ya mita yako ya SNEL, kampuni ya umeme. Bila mita ndogo, mwezi wa pili tu wanaanza kugombana juu ya nani ana jiko la umeme na nani ana friji, na wewe unalipa ili amani irudi. Maji: REGIDESO, kampuni ya maji, ikiwa inafika vizuri kartye yako, tanki la lita 2,000 juu ya msingi imara linatosha. Ukifikiria kuchimba foraji (kisima kirefu cha mashine), kumbuka umbali wa mita 30 kutoka shimo la choo, likiwemo la jirani. Kwenye parseli ya 20 kwa 30, mita 30 unazipata tu kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, au kona kwa kona. Pima kwanza, kisha ita mashine.

Garanti, yaani pesa ya dhamana ambayo mpangaji anaweka akiingia: sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 inaweka miezi 3 kuwa kikomo kwa nyumba ya kuishi. Wenye nyumba wanaodai 6 na zaidi wanajitafutia kesi. Na garanti si mapato. Ni deni. Miezi 3 kwa anekisi tatu ni dola 810. Ikae banki pembeni, maana wapangaji wawili wakihama mwezi mmoja, utatakiwa kutoa 540 mara moja. Mwenye nyumba aliyekula garanti hawezi kumtoa mpangaji mbaya: hana pesa ya kumrudishia, basi yule "anamaliza garanti ndani", anakaa miezi bila kulipa na anaondoka na balbu na vitasa.

Andikeni kontra, na karatasi ya hali ya nyumba siku ya kuingia: vioo vingapi, funguo ngapi, rangi ikoje. Ipeleke kwa huduma ya makazi ya komini. Na pango la mwezi litajwe kwa namna isiyobishaniwa, tarehe gani na kwa njia gani. Malipo ya simu yanaacha alama kuliko ya mkononi.

yaya_makomeno

Nyinyi wote mnajenga. Niulize: mzee akiwa na miaka 67, akahitaji dola 6,000 za operesheni ndani ya wiki moja, anauza nini? Nusu ya anekisi? Anekisi nyuma ya nyumba haziuziki peke yake. Ziko kwenye sertifika moja na nyumba anamolala. Kuzitenga kunataka kugawa parseli, kadastri, sertifika mpya, na njia ya kupita kwa mnunuzi. Kampemba angalau inauzika nzima, ila kwa miezi, na anayeuza kwa haraka anauza kwa hasara.

Ndiyo maana sehemu ikae banki, tena isikae kwenye DAT moja. DAT ikivunjwa kabla ya tarehe, riba inapotea yote au karibu yote. Gawanya: kwa mfano 13,000, fanya nne za 3,250, zinazoiva kwa miezi 3, 6, 9 na 12, kisha kila moja ikiiva irudishwe kwa mwaka. Kila robo mwaka kuna 3,250 inayopatikana bila adhabu. Zigawe kwenye banki mbili. Omba riba iandikwe kwenye barua, pamoja na kinachotokea ukivunja, na kama inajirudia yenyewe usipofika.

Kuna pia bon za hazina ya serikali (unaikopesha serikali kwa riba), zinazopigwa mnada tangu Oktoba 2019, unapitia banki yako. Zinalipa vizuri, lakini mnunuzi wa pili ni vigumu kumpata, kwa hiyo weka tu pesa utakayoiacha hadi tarehe ya mwisho. Na angalia sarafu. Mwanzoni mwa 2016 dola ilikuwa karibu na franka 930. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Bon ya franka yenye riba nono inaweza kukurudishia dola chache kuliko ulizoweka.

kalubwe_60

Asanteni sana. Na nyumba ya Kampemba ikipangishwa kwa kampuni ya mgodi? Komisionere anasema 450 badala ya 300.

mhasibu_kamalondo

450 itakuwa kweli kwa muda. Mpangaji wa aina hiyo anafuata bei ya shaba na kobalti. Mwishoni mwa 2008 shaba ilianguka hadi kama dola 3,000 kwa tani, ilhali katikati ya mwaka huo ilikuwa juu ya 8,000, na viwanda vingi vya Katanga vikafunga. Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na Oktoba ikaleta mgao. Isitoshe kazi nyingi za migodi ziko Kolwezi, na tangu 2015 huo ni mkoa mwingine kabisa, Lualaba, wenye ofisi zake na nyumba zake. Kwa hiyo fanya hesabu kwa 300. Ikija 450, ile 150 ya juu iende kwenye DAT, usiizoee.

Na kuna hili: mshahara wako, kama unatoka mgodini, na pango lako vitakauka siku moja. Anekisi za Kalubwe zinapangwa na walimu, wauguzi, wanafunzi wa UNILU (chuo kikuu cha Lubumbashi), wauza duka. Hao hawahami wote kwa pamoja.

himbi_goma

Niongeze la kwetu Goma, kwa sababu hapa mambo yote mawili yalijaribiwa. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, banki zilifunga. Mtu alikuwa na salio kwenye akaunti na hakuwa na noti mkononi. Wenye anekisi za watu wa kawaida waliendelea kupata kitu, hata kama ni kidogo na kwa kuchelewa. Wenye nyumba kubwa zilizotegemea mashirika walikuwa na shida nyingine: shirika likihamisha watu wake, hakuna familia ya kawaida inayoweza kulipa pango lile, na kuigawa nyumba ya vyumba sita iwe za familia tatu kunataka pesa.

Kisha kuna mlima. Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na tena 22 Mei 2021 ikafika pembezoni, upande wa Buhene. Kwa hiyo mtu wa Goma hapaswi kuweka akiba yote ndani ya kuta moja, hata ziwe za mawe meusi ya namna gani. Lubumbashi hamna lava, lakini kanuni mbili zinafaa kwenu pia: pesa ya matumizi ya miezi sita isitegemee banki ya mji mmoja, na nakala zilizothibitishwa za sertifika, kontra na mpango wa kadastri zikae kwa mtu wa kuaminika katika mji mwingine. Ofisi ikiungua au ikihama, volimi na folio ndizo zitakazokutetea.

kalubwe_60

Na magazini ndogo (duka) ukutani mbele, badala ya anekisi ya tatu?

mama_wa_ruashi

Kama barabara yako ina watu wanaopita kwa miguu, ndiyo. Kama ni njia ya magari tu, hapana. Simama hapo jioni saa kumi na moja uhesabu. Na kontra ya biashara ina sheria zake, usitumie ile ya nyumba ya kuishi.

mhasibu_kamalondo

Niunganishe sasa, maana swali lilikuwa dola 250. Jenga anekisi tatu mwaka huu: 27,000. Zilizobaki 13,000 zikae DAT kwa mtindo wa yaya Makomeno. Kwa miaka 5, usile pango hata mara moja, unao mshahara. 1,671 mara 5 ni 8,355. Riba ya 13,000 kwa 4%, bila kuizalisha tena, ni 2,600. Ukifika 60 una karibu 24,000 banki.

Kuanzia hapo: anekisi 1,671, riba ya 24,000 ni 960. Jumla 2,631 kwa mwaka, 219 kwa mwezi. Lengo ni 3,000 kwa mwaka, pengo ni 369. Hilo lichukuliwe kwenye mtaji wenyewe. Hata riba ikipungua kadiri mtaji unavyoliwa, baada ya miaka 20 utakuwa umepunguza kama 11,000, na 13,000 bado ipo. Linganisha na Kampemba kwa 40,000: 2,124, yaani 177 kwa mwezi, na banki tupu. Ukiiacha Kampemba nayo miaka 5 bila kula pango utakusanya 10,620, si mbaya, lakini unaanza bila hata dola moja ya dharura.

Kinachoharibu mpango huu ni kujenga kwa vipande. Ukianza anekisi tatu kwa 15,000 ukitumaini "nyingine itatoka", utakuwa na kuta bila paa kwenye mvua ya Novemba, na kuta hazilipi pango. Kama bei za fundi zinapita 27,000, jenga mbili zikamilike, na msingi wa ya tatu uachwe tayari.

Na CNSS: mchango wa tawi la pensheni ni 5% yako na 5% ya mwajiri. Omba orodha ya michango yako sasa hivi, mwaka kwa mwaka. Miaka ambayo mwajiri hakuitangaza, au alitangaza mshahara mdogo, inarekebishwa kwa urahisi kidogo wakati kampuni bado ipo na karatasi za malipo bado unazo. Ukingoja hadi 60 unaweza kukuta kampuni imefunga. Kumbuka pia inalipwa kwa franka. Iwe ya unga na mafuta, dola zibebe dawa na matengenezo.

fundi_wa_katuba

Sawa na mhasibu. Mbili zilizokwisha kuliko tatu zenye madirisha ya plastiki. Chuma za nguzo za ya tatu ziache zimechomoza ukutani, zipake simenti ya maji zisishike kutu.

kalubwe_60

La mwisho. Mama wa nyumba, mke wangu, hajafanya kazi ya mshahara. Nikitangulia, anabaki na nini?

notere_wa_mtaa

Kwanza ukiwa hai: Code de la famille, ile sheria ya familia ya 1987 iliyorekebishwa 2016, kifungu cha 499, inataka ridhaa ya wote wawili ili kuhamisha konsesyo au kuuza nyumba, ndoa iwe chini ya mfumo wowote wa mali. Kwa hiyo hata wewe huwezi kuuza peke yako, na mnunuzi mwenye akili atadai sahihi ya mke wako na cheti cha ndoa. Ndoa ya mila isiyosajiliwa isajilini komini wiki hii. Bila cheti, kila kitu ninachosema hapa kinakuwa mabishano ya familia.

Ukitangulia, mjane anahifadhiwa matumizi ya nyumba mlimoishi. Watoto ndio warithi wa daraja la kwanza, na sehemu kubwa inakwenda kwao. Tatizo lako ni kwamba anekisi na nyumba ziko kwenye sertifika moja, na pango la anekisi ndilo mkate wake. Watoto wakitaka kuuza ili wagawane, ataambiwa nyumba ni yake kuishi lakini anekisi si zake. Andika wasia mbele ya notere unaotaja waziwazi pango la anekisi linakwenda kwa nani na kwa muda gani, ndani ya mipaka ya fungu la watoto. Na DAT zile nne, angalau mbili zifunguliwe kwa jina lake mwenyewe tangu mwanzo. Akaunti ya marehemu inafungwa hadi karatasi za mirathi zitoke. Ya kwake haifungwi.